Si Mwingereza

Siku ya kwanza tulimwita Mwingereza.
Chang'ombe, kidato cha pili B, dirisha bila kioo.
Akaweka chaki mezani kama mtu anayeweka dau.
"Mimi Mwayalandi," akasema, kwa Kiswahili cha Singida.
"Hao walitutawala miaka mia saba,
nyinyi arobaini na kitu. Tuheshimiane."

Jina lake Sista Attracta. Halikutukaa mdomoni;
kufika Ijumaa alikuwa Trakta.

Ulikuwa mwaka wa foleni.
Sukari kwa uvumi, sabuni kwa kujuana,
na unga wa yanga, mahindi ya Marekani,
ugali wa manjano unaonuka gunia la meli.
Wapenzi wa Simba waliapa hawaugusi.
Trakta akala, akakomba sahani,
akatueleza mdomo ungali umejaa:
kwao viazi vilioza ardhini,
ukichimba unatoa uji mweusi,
na bandarini shayiri ilikuwa inapakiwa,
na ng'ombe, na siagi, askari wakilinda,
kwenda kulisha wengine.
Walipokumbukwa waliletewa unga huu huu,
wa manjano, wa Marekani,
nao hawakujua hata unasongwaje.
Milioni wakafa. Milioni wakapanda meli.
"Njaa," akasema, "ina mwenye ghala."

Kisha kibao.
Mwalimu wa zamu alikitundika kwa kamba ya katani:
ukinaswa na Kiswahili unakivaa shingoni
mpaka umnase mwenzio. Wa mwisho jioni, viboko.
Mimi nilijikwaa ngazini, nikasema "mama yangu".
Basi.

Trakta akanivua, akakigeuzageuza mkononi.
Bibi yake alivishwa kijiti, akasema,
kila neno la kwao, pengo moja,
na jioni mwalimu anahesabu mapengo.
"Ndiyo maana kwa lugha yetu mimi najua
sala mbili, na kufukuza kuku."
Kibao kiliishia jikoni, chini ya sufuria ya maharage.
Tulikula yameungua kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Jikoni humo humo redio ilihesabu wanaume
waliogoma kula gerezani, kaskazini mwa kwao,
mmoja, wa pili, wa tano, mpaka wakatimia kumi.
Tukamuuliza, walikuwa na haki?
"Kaka yangu angesema ndiyo.
Mama yangu angefunga mlango."
Na yeye?
Akazima redio.

Mwezi wa tisa tukapimwa. Generosa akakutwa na mimba.
Sote tulimtazama Trakta, mchoma kibao.
Akatia saini.
Akamkunjia sare, pembe kwa pembe,
mikunjo ya mtu aliyekunja mashuka mengi sana,
akampa kipande cha sabuni, kizima,
mwaka ule, sabuni,
akamfikisha getini. Nikadhani ni ukarimu.

Nilishapita hamsini nilipoisoma,
kwenye simu ya mwanangu, foleni ya kliniki, Upanga:
kwao wasichana wenye mimba walifungiwa kwa masista,
wakafua mashuka ya mahoteli bila ujira,
watoto wao wakagawiwa,
wengine wakazikwa bila jiwe.
Nikahesabu umri wake kwa vidole.
Alishika funguo? Au alikuwa na dada ndani,
mikono imebabuka kwa magadi?
Muuguzi aliita jina langu mara tatu.

Nchi ile siku hizi inafungua milango yake kwa kura,
mmoja baada ya mwingine. Na sisi ukaja waraka:
mwenye mimba arudi shule.
Nikampigia Generosa. Ana cherehani sita, Mbagala.
"Nirudi na mjukuu mgongoni?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza ile sabuni.
"Niliiuza Tandika, siku ile ile.
Nikanunua unga."
Unga gani?
"Sasa wewe, mwaka ule kulikuwa na upi mwingine?"